Nyimbo mbili za Wataita na swali la mjukuu wangu

Mwezi wa Agosti uliopita niliabiri matatu mjini Voi kuelekea Wundanyi, nikiwa na mjukuu wangu wa miaka 11. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama yake, ambaye ni binti yangu, alikuwa ameniomba nimchukue mtoto kutoka Nairobi “akaone nyumbani.” Tulipokaribia Mwatate dereva akafungulia wimbo ambao sikuwa nimeusikia kwa muda mrefu. Magitaa yakaanza, tarumbeta zikafuata. Mama mmoja wa makamo aliyeketi mbele yetu akaanza kutikisa mabega, na abiria wawili watatu wakaitikia kiitikio.

Mjukuu wangu akanivuta mkono. “Babu, huyu anaimba Kiswahili gani? Mbona sielewi?”

Kabla sijamjibu, yule mama akageuka. “Kwani huyu mtoto ni wa wapi?”

“Ni wa hapa, mama. Ni mjukuu wangu.”

“Wa hapa, na Charonyi haelewi?”

Alisema kwa mzaha, bila ubaya wowote, kisha akaendelea kutikisa mabega. Lakini mimi nilinyamaza hadi tukafika Wundanyi. Nimefundisha isimu ya Kiswahili kwa zaidi ya miaka 30. Nimesimamia tasnifu, nimeandika makala, nimesimama majukwaani kutetea lugha za Kiafrika. Sasa mtu wa damu yangu anasikia lugha ya mama yangu na kudhani ni Kiswahili kibovu! Makala ya leo ni jibu ambalo lilipasa kutolewa palepale ndani ya matatu.

Wimbo wenyewe unaitwa ‘Charonyi ni Wasi’. Ulirekodiwa na bendi ya Maroon Commandos mwaka 1977, chini ya uongozi wa Habel Kifoto, mwana wa Taita. Lugha yake ni Kidawida, ambacho vitabuni na serikalini aghalabu huitwa Kitaita. Niseme mapema kwamba kaunti yetu haina lugha moja. Walio kwenye milima ya Dawida wana Kidawida chao, wa mlima wa Sagalla karibu na Voi wana Kisaghala, na wa Taveta mpakani mwa Tanzania wana Kitaveta. Asiyejua hilo hudhani kila anayetoka Voi anazungumza namna moja.

Hebu tuitazame anwani hiyo kwa jicho la mwanaisimu. ‘Charo’ ni safari. Wagiriama nao husema ‘charo’, na mtoto aliyezaliwa safarini kwao huweza kuitwa Charo. Ukienda kwa Wakamba utakuta ‘kyalo’, safari ile ile, na Kyalo pia ni jina la mtoto. Kwa hivyo neno hili ni la Kibantu na limetapakaa kutoka pwani hadi Ukambani. Kiswahili sanifu ndicho kilichochukua ‘safari’ kutoka Kiarabu, likakizoea hata likaenda zake Ulaya kama neno la Kiswahili.

Kiambishi ‘-nyi’ mwishoni ndicho ‘-ni’ yetu ya mahali. Tunaposema nyumbani, shuleni au safarini, Mdawida huweka ‘-nyi’. ‘Ni’ ya katikati ni kitenzi kishirikishi kile kile cha Kiswahili. Mpaka hapo, msomaji wa Kiswahili ameshaelewa maneno mawili kati ya matatu bila kufundishwa. Lililobaki ni ‘wasi’, ambalo halihusiani na wasiwasi wala uasi. Linasema kuna taabu, mambo ni magumu. Kwa jumla basi: ugenini ni taabu, aliye mbali na kwao ana dhiki.

Mwaka 1977 nilikuwa kijana wa sekondari. Baba alikuwa kibarua katika shamba la mkonge, na redio yetu ilikuwa ya betri, ambazo tulizianika juani zilipoanza kuchoka. Kutoka Sauti ya Kenya tulizoea kusikia muziki wa Kiswahili, wa Kilingala, na wa lugha za makabila makubwa. Siku tuliyosikia Kidawida kikitoka kwenye redio ile na magitaa yakipigwa kwa ustadi, mama aliacha kupepeta mahindi. Alisimama na ungo mkononi hadi wimbo ukaisha. Hakusema neno. Baadaye jioni akamwambia jirani, “Leo tumesemwa Nairobi.”

Nimeifikiria kauli hiyo mara nyingi. Kwa Kiswahili cha kawaida ‘kusemwa’ ni kusengenywa, lakini mama hakumaanisha hivyo. Alimaanisha kwamba lugha yetu imetamkwa mahali ambapo mambo makubwa hutamkiwa.

Maroon Commandos hawakuwa bendi ya kawaida. Walikuwa wanajeshi wa Kikosi cha Saba cha Jeshi la Kenya, wakiwa Nairobi tangu bendi ilipoundwa mwaka 1970. Ni akina hao hao wa ‘Amka Kumekucha’, wimbo ambao redio ya taifa iliupiga alfajiri miaka nenda miaka rudi hata ukawa kama jogoo wa nchi. Walijua Kiswahili na walikitumia sana. Kwa nini basi waimbe pia kwa lugha ya watu wachache kama sisi? Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 340,671 katika kaunti nzima ya Taita Taveta, na si wote ni Wataita. Wakati huo wa 1977 tulikuwa wachache zaidi. Hata hivyo wimbo ukachezwa Kisumu, Nyeri na Nakuru, na watu wasiojua hata silabe moja ya Kidawida.

Jibu langu ni hili. Mwanajeshi ni mtu wa charo. Anaishi kambini, anakula pamoja na watu wa kila kabila, na amri hupewa kwa lugha isiyo ya mama yake. Mtu wa namna hiyo anapotaka kusema kwamba ugenini kuna taabu, kulisema kwa lugha ya ugenini kunapunguza uzito wa jambo. Kifoto alilisema kwa lugha ambayo taabu hiyo ilikuwa imemtenga nayo. Wasikilizaji wa Kisumu hawakuelewa maneno, lakini walimsikia mtu anayekumbuka kwao.

Na Wataita tuna sababu zetu za kulijua neno charo. Reli ilipita Voi mwishoni mwa karne ya 19, na tangu hapo vijana wetu wamekuwa wakipanda garimoshi kwenda Mombasa na Nairobi kutafuta kazi. Ziko pia safari ambazo hawakuzitaka. Mwaka 1915, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, Waingereza waliwahamisha watu wa Kasigau kwa nguvu hadi Malindi, wakiwatuhumu kuwasaidia Wajerumani. Ilichukua miaka mingi kabla ya waliosalia kuruhusiwa kurudi mlimani kwao. Wimbo wa Kifoto hauzungumzii kisa hicho, lakini ulipofika Kasigau ulikuta watu wanaojua charo ni nini.

Sasa tuhamie wimbo wa pili, ambao pengine msomaji anaujua hata akiwa hajawahi kufika Voi: ‘Malaika’. Aliyeurekodi kwa mara ya kwanza, akiwa na Jambo Boys, ni Fadhili William Mdawida. Tazama jina lake la mwisho. Mdawida ni mtu wa Dawida. Mzee huyu alitembea dunia nzima akiwa amebeba mlima wa kwao katika jina lake, ingawa wengi walimwita tu Fadhili William wakaacha sehemu hiyo.

Wimbo huo ulibebwa na Miriam Makeba na Harry Belafonte katika albamu yao ya mwaka 1965. Boney M wakautoa mwaka 1981, na Angélique Kidjo akauimba katika albamu ya ‘Logozo’ mwaka 1991. Sidhani kuna maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika vinywa vingi kuliko hayo, kabla ya ‘hakuna matata’.

Neno malaika lenyewe lina historia ya kupendeza. Kwa Kiarabu, malaika mmoja ni ‘malak’, na ‘malaika’ ni wingi. Kiswahili kilichukua wingi huo kikaufanya umoja na wingi kwa pamoja: malaika huyu, malaika hawa. Halafu kikaliongezea neno kazi nyingine. Mtoto mchanga ni malaika, na ile nywele laini iotayo mwilini pia huitwa malaika. Kwa hiyo kijana anayemwita mpenzi wake malaika kwa Kiswahili hasemi tu kiumbe cha mbinguni. Ndani ya neno mna pia wororo wa kitoto na ulaini wa ngozi.

Liko pia neno ‘kidege’. Vitabu vya sarufi hufundisha kwamba kiambishi ki- hudunisha: kijitu, kijumba, kigombe. Katika wimbo huu ki- inabembeleza. Nimewafundisha wanafunzi udogo na ukubwa kwa mfano huu zaidi ya mara 20, kwa sababu kila mmoja wao alishaujua kabla hajaingia darasani.

Neno linalonivutia zaidi ni ‘mali’. Kijana anapenda, anataka kuoa, lakini amekwama kwa kukosa mali. Kwa nini hakusema mahari? Mahari ni neno la sheria ya Kiislamu, haki ya bibi harusi mwenyewe. Bara, na huko milimani kwetu, kinachodaiwa huwaendea wazazi wa msichana, na zamani kilikuwa ng’ombe na mbuzi. Yaani mali, utajiri wenye miguu. Nasoma neno hilo moja na kuona Kiswahili kilichokuwa kikizungumzwa na watu wa bara waliofika mjini: maneno ya pwani, desturi ya kwao. Huo ni usomaji wangu tu, na wala haumalizi ule ubishi maarufu kuhusu mtunzi.

Maana ubishi upo. Fadhili alishikilia hadi kifo chake Februari 2001 kwamba ‘Malaika’ ni wake. Wengine wanamtaja Adam Salim, Mtanzania aliyeishi Nairobi miaka ya 1940. Wengine wanamtaja Lucas Tututu wa Mombasa, na wengine Grant Charo. Kila upande una mashahidi wake, na desturi ya neno mali ingeweza kumfaa zaidi ya mmoja wao. Mimi si hakimu.

Ila nimegundua jambo. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ‘Charonyi ni Wasi’ ni ya nani. Hakuna Mtanzania, Mzambia wala Mmarekani aliyedai kuutunga. Lugha yake ndiyo hati yake. Kila sentensi inasema imetoka mlima gani. ‘Malaika’ kwa upande wake uko katika lugha ya wote, na kitu cha wote kila mtu huweza kukiwekea mkono. Kiswahili ni barabara kuu: kitakufikisha mbali, lakini njiani hakuna anayeuliza mzigo umetoka kwa nani. Mwaka 2003 kampuni ya Disney ilisajili maneno ‘Hakuna Matata’ kuwa alama yake ya biashara nchini Marekani, na mwaka 2018 maelfu ya watu wakatia saini kupinga. Maneno ambayo kondakta wa Voi huyatamka mara 50 kwa siku!

Msinielewe vibaya. Sisemi wanamuziki waache Kiswahili. Nimekula kwa Kiswahili maisha yangu yote, na Fadhili asingefika alikofika kwa Kidawida. Voi yenyewe leo ni mji wa Kiswahili. Nyota Ndogo, ambaye alilelewa Mombasa na sauti yake imebeba ladha ya taarabu, ameweka makao yake Voi, na tunajivunia kuwa naye. Anwani ya wimbo wake ‘Watu na Viatu’ ningeifundisha kesho asubuhi: ngeli mbili tofauti, A-WA na KI-VI, zimekutanishwa na vina vya ‘-atu’ hadi masikio yanadhani ni ndugu. Hiyo ni kazi ya mshairi.

Ninachosema ni kwamba hati haina maana kama hakuna anayeweza kuisoma. Na hapa lazima nikiri kosa langu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, kijana wa Kitaita, alinijia ofisini na pendekezo la utafiti. Alitaka kuandika kuhusu lugha katika nyimbo za wanamuziki wa Taita: Fadhili William, Habel Kifoto na wengineo. Nilimsikiliza kwa dakika tano hivi. Kisha nikamwambia, “Nyimbo za dansi ni burudani, kijana. Nenda ukatafute utenzi.” Alikuwa na adabu. Akaenda akatafuta utenzi, akaandika tasnifu nzuri, akahitimu.

Wakati ule Fadhili William alikuwa hai. Habel Kifoto alikuwa hai, na akaishi hadi mwaka 2011. Kijana yule alikuwa na nauli, kinasa sauti, na zaidi ya yote alikuwa na lugha. Angeweza kuketi na wazee hao akawauliza kwa Kidawida: neno hili ulilipata wapi, nani alikufundisha wimbo huu, uliandika nini kwanza. Huenda ubishi wa ‘Malaika’ usingekwisha, lakini leo tungekuwa na maneno ya Fadhili mwenyewe, kwa lugha ya mama yake, yamehifadhiwa kwenye maktaba. Badala yake tuna vipande vya magazeti na porojo za vilabuni. Tendi zile za kale zingesubiri. Zilikwisha andikwa, wala hazikuwa zikizeeka. Waliokuwa wakizeeka ni watu.

Tulikuwa tumerithi mpaka ambao hatukuuchora sisi: huku fasihi, kule burudani. Nyimbo za kutwanga na za jando tulizikubali katika fasihi simulizi maadamu hazina gitaa. Ukiutia wimbo huo huo gitaa na kuuingiza kwenye santuri, tulisema si wetu. Kumbe santuri ndiyo iliyokuwa ikihifadhi kile ambacho sisi tulikuwa tukikiombea fedha za utafiti.

Ibara ya 7 ya Katiba yetu ya 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Ni ibara nzuri. Lakini serikali haikumzuia binti yangu kujifunza Kidawida. Mimi ndiye niliyezungumza naye Kiswahili na Kiingereza nyumbani, nikidhani Kidawida kitamfuata chenyewe, kama vile nywele zinavyoota. Hakikumfuata. Naye hakuwa na cha kumpa mwanawe.

Kwa hiyo kule Wundanyi, usiku baada ya chakula, niliutafuta wimbo kwenye simu nikauweka mezani. Nikamweleza mjukuu wangu kama nilivyowaeleza ninyi: charo, -nyi, ni, wasi. Akauliza kama anaweza kusema ‘shulenyi’. Nikacheka, nikamwambia kanuni ameishika. Akataka kujua maneno ya ubeti wa kwanza. Nikamweleza. Ubeti wa pili ulikuwa na neno ambalo hata mimi lilinitoka. Ilibidi nimpigie simu shangazi yangu wa Mgange, mwenye umri wa miaka 88, saa tatu usiku. Alinijibu, kisha akauliza kama mtu amekufa, maana simu ya saa hizo kwa kawaida si ya neno moja la wimbo.

Nawaomba wenzangu wa makamo yangu, Wataita na wasio Wataita: kila kabila lina wimbo wake wa redio wa miaka ile. Kaeni na mtoto mmoja mumfafanulie neno kwa neno. Haihitaji bajeti. Mkikwama kwenye neno, mpigieni aliye hai alijuaye, na muandike alichosema. Nami nimemtafuta yule mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mhadhiri, nikamwomba radhi. Alicheka sana. Akaniambia daftari la maswali aliyonuia kuwauliza wazee wale bado analo.

Siku ya kurudi tulipanda Madaraka Express pale Voi. Garimoshi lilipoanza kushika kasi na milima ikawa inabaki nyuma, mjukuu wangu aliegemea dirisha kwa muda. Kisha akaniuliza, “Babu, saa hizi tuko charonyi?”

Nikamwambia ndiyo, tuko charonyi.